Chini ya mihogo kuna nyumba

Maneno haya niliyasema mbele ya wanakijiji na wanafunzi kwenye uwanja wa skuli, kaskazini ya Pemba, baada ya sala ya alasiri. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, masheikh wetu, wazee wangu, mama zangu mliokaa kule chini ya mwembe, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa mikekani: nashukuru kwa kuniita.

Nina kitu mkononi. Mlio nyuma hamkioni vizuri, lakini kitawafikia nyote kabla hatujaondoka. Ni donge la udongo mwekundu, ukubwa wake kama nusu ya nazi, na limeiva kama chungu kilichotoka motoni. Upande mmoja ni laini. Upande wa pili una mifereji miwili iliyokwenda sambamba, na kidole changu cha shahada kinalala ndani ya kila mmoja. Limetoka kwenye konde la mihogo, si mbali na hapa. Lilitolewa na jembe la mkulima aliyekuwa akitengeneza matuta yake, naye alikuwa na busara ya kulileta badala ya kulitupa kichakani.

Jioni hii ni ya donge hili. Najua wengi mmekuja mkitarajia habari za Mkame Ndume, mtawala wa kale, na ngome yake ya Pujini, na siwa ile, baragumu la watawala, iliyotengenezwa kwa chokaa kwenye ukuta wa chumba cha chini ya ardhi. Wengine mnataka habari za Ras Mkumbuu, na msikiti wake na makaburi yake ya mnara, na kama kweli hapo ndipo palipokuwa Kanbalu aliyoitaja Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu, baada ya safari yake ya mwaka 916. Habari hizo ni tamu na nitazigusa. Lakini magofu yale tunayajua kwa sababu yamesimama. Mtu akipita anayaona, na wachimbaji wa mwanzo waliokuja visiwani kwetu na katika mwambao wote nao waliyafuata hayo hayo, kuta za mawe, misikiti na makaburi. Walichimba pale jicho lilipowapeleka. Matokeo yake, kwa miaka mingi historia yetu ikaandikwa kana kwamba walioishi hapa ni wale wenye nyumba za mawe peke yao.

Sasa wahesabuni katika kijiji hiki, enzi za babu zenu, wangapi walikuwa na nyumba ya mawe. Wengine wote walilala wapi?

Walilala ndani ya hiki nilichokishika. Donge hili lilikuwa ukuta. Mifereji hii ni alama za fito. Fito zenyewe zimekwisha zamani, zimeliwa na mchwa au zimeungua, lakini udongo uliozikumbatia umehifadhi unene wake na nafasi iliyokuwapo kati ya moja na nyingine. Na upande huu laini ndio uliopitishwa kiganja.

Aliyenifundisha kuusoma ukuta wa namna hii ni bibi yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilikuwa kijana, likizo ya skuli, nimepata kazi ya kuosha magae kwa wachimbaji. Siku hiyo pakatoka vipande vya ukuta, na kijana mmoja mgeni, aliyekuwa akisoma chuo kikuu, akaniuliza kama kwetu watu bado wanajenga hivi. Nikaomba ruhusa nikachukua kipande kimoja nikampelekea bibi. Hakukitazama. Alikishika, akakipapasa kwa kidole gumba, akasema: "Huyu alikandika amesimama. Vidole vimepanda juu. Ukichutama vidole vinakwenda pembeni." Nilirudi nikalieleza hilo, na yule kijana akaliandika kwenye daftari lake, akachora na picha ya kile kipande. Mimi nilikuwa nimeishi ndani ya kuta za udongo tangu kuzaliwa, nimekanyaga udongo wa kukandikia kwa miguu yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba ujuzi huo ni wa kuandikwa daftarini. Tangu siku ile ndipo nilipoamua nitasomesha historia.

Basi niwaeleze nyumba ya udongo inakufaje, maana ukijua inavyokufa utajua namna ya kuitafuta.

Nyumba ikiachwa, kinachokwenda kwanza ni paa. Makuti yanaoza, kombamoyo zinaanguka. Mvua sasa inapiga ukuta juu, nao unayeyuka taratibu, masika kwa masika, mpaka unakuwa kituta kidogo ambacho mbuzi wanapanda. Mchwa wanazila nguzo kutoka ndani. Miaka ishirini baadaye mtu analima hapo mihogo, na akiulizwa atasema hapa ni konde tu. Lakini nguzo ilipofukiwa palichimbwa shimo, na nguzo ikioza shimo lile linajaa udongo mwingine, mweusi zaidi na laini zaidi kuliko ule wa pembeni. Shimo hilo haliondoki. Litakaa miaka elfu moja. Ukikwangua ardhi kwa mwiko, ule mwiko wa fundi mwashi, ukakwangua kwa kulalia na si kwa kuchimba, unaona duara jeusi. Hatua kidogo mbele, duara jingine. Kisha la tatu, kwa mstari. Hapo umeshika ukuta ambao haupo.

Kazi hii hufanywa alfajiri au jua likishuka, kwa sababu jua kali linazifuta rangi za udongo. Mchana ardhi yote inakuwa kijivu. Kwa hiyo wenzetu hunyunyiza maji kidogo, na rangi zinarudi: nyekundu ya ukuta ulioanguka, nyeusi ya jaa, kijivu cha majivu pale palipokuwa na mafiga. Na sakafu ya udongo utaijua kwa ugumu wake, imekanyagwa na miguu ya watu wa nyumba ile miaka na miaka mpaka imekuwa kama ubao. Nimewahi kuona sakafu tano zimelala moja juu ya nyingine, kila moja nyembamba kama kidole. Maana yake ni mama wa nyumba aliyekuwa akiisiriba nyumba yake upya, tena na tena.

Nyumba iliyoungua moto ndiyo inayosema zaidi. Ni jambo zito, kwa sababu kwa wenyewe ulikuwa msiba, pengine walitoka na nguo za mwilini tu. Lakini moto ule ule ndio unaougeuza ukuta kuwa gae, na mvua haiwezi tena kuuyeyusha. Donge hili limepona kwa ajili hiyo.

Sasa nakuja kwa majirani zetu, Tumbe na Chwaka, maana huko kazi hii imefanywa kwa kina. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, wataalamu kutoka Marekani, pamoja na wenzao wa Zanzibar, waliamua kutembea mashambani na kutafuta makazi yasiyokuwa na ukuta wa mawe hata mmoja. Walichokikuta Tumbe kinanipa fahari mpaka leo. Palikuwa na kijiji kikubwa cha nyumba za udongo na makuti kati ya karne ya 7 na ya 10, na watu wake hawakuwa wamejifungia. Kwenye majaa yao vimetoka vipande vya mitungi iliyong'arishwa kwa rangi ya samawati, iliyotengenezwa upande wa Ghuba ya Uajemi. Vimetoka pamoja na vyungu vyao wenyewe, vile vyenye pembetatu zilizochorwa shingoni kabla ya kuchomwa, ambavyo vinapatikana mwambao mzima na hata bara. Na vimetoka, kwa mamia na mamia, vigae vyenye mifereji ya kusugulia shanga za kombe. Chukueni picha ya uwani penyewe: watu wamekaa kivulini, kila mmoja na kigae chake, anasugua kombe mpaka iwe duara. Walikuwa mafundi na wachuuzi, na jahazi zilitia nanga kwa ajili yao. Nyumba zao zilikuwa kama ya bibi yangu.

Kuna methali yetu: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa muda mrefu waliotuandika waliishia mlangoni.

Tumbe ilihamwa karne ya 10. Karne iliyofuata, Chwaka ikaanza kukua pale jirani, nayo ikadumu mpaka karibu mwaka 1500. Vijiji vidogo vilivyokuwa vimetapakaa vikapungua, watu wakasogea mjini. Na hapa kuna jambo ambalo mimi nimelitafakari sana. Chwaka imepatikana misikiti minne ya nyakati mbalimbali. Misikiti ilijengwa kwa mawe na chokaa, na si mawe ya kuokotwa. Matumbawe hukatwa chini ya bahari yangali laini, yanachongwa, kisha yakikauka yanakuwa magumu. Chokaa nayo inataka tanuu, kuni nyingi na siku nyingi za moto. Ni kazi ya watu wengi kwa pamoja. Lakini nyumba za mawe zilizopatikana Chwaka ni chache mno. Walio wengi waliendelea kuishi katika udongo. Kwa hiyo mtu asiseme hawakuwa na mawe, wala hawakujua kujenga. Walijua, na jasho lao wakalipeleka kwanza kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu, kisha jioni wakarudi kwenye kuta zao za kukandika. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti imefuatana pale pale, wa mwanzo ni wa miti, wa karne ya 8, na wa mawe ukaja baadaye sana. Udongo na miti ndivyo vilivyosali kwanza.

Jambo jingine la Chwaka linawahusu mama zangu, na sitalipita haraka.

Udongo wa jikoni wa zamani hautupwi. Unatiwa kwenye ndoo ya maji unakorogwa polepole. Mchanga unazama. Vilivyoungua, punje zilizodondoka motoni wakati wa kupika, vinaelea, vinachujwa kwa kitambaa na kuanikwa kivulini. Mtaalamu anayeitwa Sarah Walshaw alizichambua punje za huku kwetu moja moja. Tumbe, katika zile karne za mwanzo, watu walikula zaidi mawele. Chwaka, baadaye, mpunga umetawala. Ndiyo, mpunga huu wa mabonde yetu. Wareno walipofika katika karne ya 16 walikuta Pemba ina chakula tele na inailisha Mombasa.

Mtu anaweza kusema, basi walibadilisha nafaka, kuna nini? Mwulizeni mama aliyelima bonde. Mpunga unataka kulindwa na ndege, kuvunwa suke kwa suke, kupurwa, kuanikwa, kutwangwa, kupepetwa, na kutwangwa tena. Bonde linagawiwa, maji yanagombaniwa, wali unapikiwa wageni, harusi na hitima. Nafaka ilipobadilika, siku nzima ya mwanamke ilibadilika, na adabu ya kukaribisha mgeni ikabadilika, na thamani ya bonde ikapanda juu ya thamani ya konde la mlimani. Mimi naamini hivyo, na naamini kwamba mabadiliko hayo ni makubwa kuliko ukuta wowote wa ngome. Tumeyajua kutokana na punje zilizoungua kwa sababu mpishi mmoja aligeuza uso kidogo.

Nitasema maneno machache juu ya mali, kwa sababu najua minong'ono ipo. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, hapa hapa Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vidogo vidogo, vimeandikwa majina ya watawala wa huku kwa maneno yenye vina, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu. Tangu hapo vijana wengine wanadhani kila gofu lina mtungi wa rupia. Wanakwenda usiku na sururu. Wanangu, zile dinari zimepigwa mwaka wake, na kwa sababu zilikuwa pamoja na sarafu za hapa, tukajua sarafu za hapa ni za karne ya 11. Kama mtu angezichomoa za dhahabu akaziuza Mombasa, zile za fedha zingebaki vipande vya fedha visivyo na habari. Thamani ilikuwa katika kukutwa pamoja.

Na donge hili, jamani, limepata hasara hiyo hiyo. Jembe limelitoa mahali pake. Lingekutwa limelala juu ya sakafu, na juu ya sakafu ile pana mkaa, mkaa ungepimwa ukatupa umri, na magae ya pembeni yangetueleza watu wale walikula na nini. Limeng'oka, umri wake umebaki shimoni. Simlaumu aliyelima, alikuwa akitafuta chakula cha watoto wake. Nalisema ili ijulikane kwamba mahali pa kitu ni nusu ya kitu.

Ndiyo maana wachimbaji wanakuwa na tabia zile zinazowashangaza watoto: uzi na vigingi vinne, kila kipande kinatiwa mfuko wake wenye namba, kila tabaka linachorwa, udongo wote unapitishwa kwenye chekeche. Uchimbaji unaharibu kile unachokisoma. Ni kama kitabu ambacho ukifungua ukurasa unachanika, basi usipoandika ulichosoma hakuna atakayesoma tena. Na kwa hiyo mchimbaji mwema hachimbi pote. Anaacha sehemu kubwa kwa ajili ya watu wa baadaye watakaokuwa na vipimo bora.

Ami yangu mmoja, ambaye nilimpenda sana, alivunja ukuta wa kale uliokuwa mwisho wa shamba lake, akayachoma yale mawe kupata chokaa ya nyumba yake. Nilikuwa mtoto, nikabeba mawe yale kichwani. Ukuta ulikuwa na kidaka kimoja kizima, cha kuwekea taa, na pembe zake zilikatwa kwa ufundi ambao mpaka leo naukumbuka. Hapakuwa na mtu wa kutuambia. Na leo nasikia magari yanachota mchanga na kifusi pwani, mahali ambapo nikitembea naona magae yamechomoza kila hatua. Dereva hana kosa, ametumwa. Lakini Mheshimiwa Sheha, naomba hili tulizungumze kikao kijacho cha shehia, kabla ya masika, kwa sababu gari moja kwa asubuhi moja linabeba karne tatu.

Nimeulizwa na wakulima, tena kwa hofu ya haki: nikisema kuna kitu kwenye konde langu, si nitanyang'anywa? Jibu langu ni kwamba tuyapange mambo haya mapema, sisi wenyewe. Shimo la uchimbaji ni dogo, mara nyingi mita mbili kwa mbili, na likimalizika linafukiwa. Lakini mihogo iliyong'olewa ilipwe kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, na makubaliano yaandikwe mbele ya Sheha na wazee wawili. Vijana wetu wafanye kazi pale, si kubeba ndoo tu, wafundishwe kuchora na kuandika. Makaburi yasiguswe. Wazee wasomewe azma ya kazi, dua isomwe na sadaka itolewe, kwa sababu kuna mahali hapa ambapo watu huenda na ubani wao na maji ya waridi, na mtu akija na koleo bila ya hodi amevunja heshima hata kama ana barua kutoka mjini. Na magae yakishasomwa, nusu ya maelezo yarudi hapa skuli, kwa Kiswahili, watoto wayasome. Haya nimeyasema mbele ya wataalamu pia, na wenye nia njema walikubali.

Na wewe unayelima: jembe likigonga sakafu ngumu, au udongo mwekundu ulioiva kama huu, au magae mengi mahali pamoja, simama. Weka kijiti. Usichimbue zaidi. Mwambie Sheha, naye atapeleka habari kwa Idara ya Mambo ya Kale. Lima pembeni kwa siku hizo mbili tatu. Wewe ndiye unayeijua rangi ya konde lako kuliko mtu yeyote, unajua wapi jembe linazama na wapi linagoma, na mtaalamu aliyesoma miaka kumi atakuja kukuuliza wewe.

Wanafunzi, kazi yenu ni kwenda nyumbani na kuuliza. Kuta za udongo zinakwisha vijijini, matofali yameingia, na sioni ubaya, kila mtu anataka nyumba isiyomwagika masika. Lakini waulizeni bibi zenu sasa: udongo ulichimbwa wapi, ulichanganywa na nini, nani alikandika ndani na nani nje, fito zilifungwa kwa usumba au kwa ukindu, nyumba mpya ilisiribwa baada ya siku ngapi. Yaandikeni maneno kama wanavyoyasema, kwa Kipemba chao. Mchimbaji wa kesho atakuta duara jeusi ardhini na hatajua ni nguzo ya mlango au ya kati, ila kama mmoja wenu ameandika.

Sasa donge nalipitisha. Litunzeni, kesho linakwenda Idara. Hapa pembeni, karibu na mfereji wa pili, kuna kishimo. Nimekitazama sana. Ni kidole gumba cha mtu aliyekuwa akimalizia kona, akabonyeza udongo ushike. Kidole changu mimi hakiingii, ni kikubwa. Bibi, wewe uliyekaa mwanzo, nyoosha mkono. Anza wewe. Tia kidole chako hapa.